Sura ya Sita: Chausiku Hakufika Mavuno

Katika nyumba nyingi za Ruhuwiko, paka huja kwa sababu ya mahindi. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania, na mwezi Juni unapoingia, baridi ya Songea ikiwa imekaza, magunia huanza kuletwa nyumbani kwa matoroli, pikipiki na migongo ya watu. Mengine huishia kwenye mizani ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, mengine huchukuliwa na walanguzi. Yanayobaki ya kula hupangwa ndani, nyuma ya mlango wa jiko au kwenye chumba wanacholala watoto. Siku hizi wengi tuna ile mifuko isiyopitisha hewa, inayomaliza dumuzi na fukusi bila dawa yoyote. Lakini mfuko ule nguvu yake yote ni hewa kutoingia, na panya akishautoboa tundu moja tu, kazi yake imekwisha. Ndipo mtu anapopita kwa jirani na kusema: "Mama, paka wenu akizaa, nikumbukeni."

Makubaliano hayo kati ya mtu na paka ni ya kale mno. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani, wa London na wa Lizaboni ya hapa Songea, ni wa ukoo wa paka mwitu yule yule wa Afrika na Mashariki ya Karibu. Watu walianza kulima nafaka na kuweka akiba, panya wakafuata akiba, paka wakafuata panya. Hakuna aliyemkamata paka akamfunga kamba kama alivyofungwa mbuzi. Alikuja mwenyewe, akaona pana chakula, akakaa.

Kwa hiyo paka wa kwetu huingia nyumbani kama mfanyakazi. Hapewi mkataba wa kupendwa. Hupewa kona, kipande cha ugali kilicholowekwa kwenye mchuzi wa dagaa, na kazi ya usiku. Kupendwa huja baadaye, polepole, bila mtu kukusudia, na mara nyingi huanza kwa mtoto.

Chausiku alikuja kwetu mvua za kwanza zilipoanza, akiwa ameacha kunyonya karibuni tu. Mweusi mwili mzima, isipokuwa doa jeupe kifuani. Binti yetu, aliyekuwa darasa la tatu, ndiye aliyempa jina, na ndiye aliyemfundisha kulala juu ya madaftari badala ya kulala jikoni kwenye majivu. Asubuhi paka huyo alimtangulia bombani, mkia juu, kana kwamba yeye ndiye anayekwenda kuchota. Usipa wakavu wa Ziwa Nyasa, wale wanaoletwa kutoka Mbamba Bay, aliwasikia wakitolewa kwenye mfuko hata akiwa nje uani. Ndege iliposhuka uwanjani, na Ruhuwiko ndiko ulipo uwanja wa ndege wa Songea, alilala kifudifudi chini ya kigoda mpaka mngurumo uishe, kisha akatoka na kujilamba bega, kana kwamba hakuna kilichotokea. Alipokamata panya wake wa kwanza hakumla. Alimleta akamlaza kwenye mkeka, mbele ya miguu ya binti yetu, akakaa pembeni kumtazama usoni.

Nayasimulia haya kwa sababu anayesema "ni paka tu" huwa anazungumzia paka kwa jumla. Paka kwa jumla hajawahi kufa nyumbani kwa mtu. Anayekufa ni mmoja, mwenye namna yake ya kupanda dirisha na namna yake ya kukuita.

Ugonjwa ulianza kwa kukataa usipa. Siku hiyo tulidhani amekula kitu huko nje. Kesho yake alianza kutapika povu la njano, akaharisha, na macho yakawa na utando. Kisha akafanya jambo ambalo baadaye nilielezwa kuwa ni dalili inayojulikana sana: alikwenda kwenye beseni la maji, akakaa, akaweka kidevu karibu kabisa na maji, wala hakunywa. Alikaa hivyo muda mrefu. Alikuwa na kiu, lakini mwili wake haukumruhusu kumeza.

Jirani mmoja, mama mtu mzima tunayemheshimu, alipita akamwona, akatikisa kichwa. "Huyo amekula sumu, mwanangu. Kuna mtu ametega sumu ya panya." Na hapa nataka kukaa kidogo, kwa maana neno hili la sumu limevunja ujirani wa watu wengi. Paka mchanga aliyekuwa akirukaruka jana akilala leo anatapika, akili ya kwanza ya mtu ni kwamba amewekewa sumu. Na sumu ina mwekaji. Anaanza kukumbukwa yule aliyelalamika kwamba paka wenu amemla kifaranga, au yule aliyefunga duka lake na kumwaga dawa. Salamu zinapungua. Mtoto anakatazwa kwenda kucheza kule. Na akiwa paka mweusi, kama alivyokuwa Chausiku, watakuwapo wa kunong'ona kuhusu uchawi pia. Sumu ipo kweli, na inaua paka kila mwaka, ama kwa kuila yenyewe ama kwa kumla panya aliyeila. Lakini ugonjwa ninaoueleza katika sura hii huja na ghafla ile ile na matapishi yale yale, na waganga wa wanyama duniani kote wamezoea kuwasikia wenye paka wakiapa kwamba ni sumu. Nina hakika kuna watu Songea ambao hawajazungumza miaka mingi kwa ajili ya kirusi.

Mwingine, kwa wema kabisa, alituletea vidonge vya Panadol. Hatukumpa, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana nilikuwa nimewahi kusikia kwamba dawa hiyo na paka haviendi pamoja. Sababu yake inafaa kujulikana na kila nyumba. Ini la binadamu hubadilisha parasetamoli na kuitoa mwilini kwa njia ambayo ini la paka karibu halina. Dawa ikimwingia, hugeuka sumu inayoharibu chembe nyekundu za damu zisiweze kubeba hewa. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na miguu huvimba, anahema kwa shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500, kile tunachomeza sisi kwa kichwa kinachouma na kwenda kazini, kinatosha kumuua paka. Usimpe hata nusu, wala robo, wala ile ya maji ya watoto.

Bwana mifugo alikuja kwa bodaboda, amelowa mvua. Binti alimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, akachuchumaa pale pale sakafuni bila kungoja kiti. Alifunua midomo ya Chausiku, akatazama ufizi uliopauka. Alivuta ngozi ya shingoni kwa vidole viwili, ikabaki imesimama badala ya kurudi.

"Mama, alichanjwa?"

"Hajachanjwa, daktari."

"Bila kupima damu siwezi kuapa. Lakini mimi naona hii ni ile parvo ya paka. Sumu sidhani. Amekauka maji sana huyu."

Alimpa maji ya dripu kwa kumchoma chini ya ngozi ya mgongo, akampa antibiotiki, akatuambia tumkumbatishe chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga kwa kuwa joto lake lilikuwa linashuka. Alisema paka mwenye ugonjwa huo akivuka siku ya tano, mara nyingi hupona. Hakutudanganya kwamba atavuka. Nampenda kwa hilo.

Chausiku alikufa mchana, mvua ikipiga bati, akiwa na umri wa miezi mitano.

Ugonjwa wenyewe jina lake la kitabibu ni panlukopenia, na unaletwa na kirusi cha jamii ya parvo. Ni mdogo mno hata kwa kipimo cha virusi, hana ngozi ya mafuta kwa nje kama ile waliyo nayo virusi wa mafua, na kwa sababu hiyo sabuni ya kawaida haimuui. Anaweza kukaa kwenye sakafu, kwenye gunia, kwenye soli ya kiatu, kwa miezi mingi, hata mwaka mzima, akimngoja paka. Kwa hiyo paka asiyetoka nje ya ua naye anaweza kuupata: ameletewa na viatu vya mtu aliyepita mahali paka mgonjwa alipoharisha. Baada ya kumeza kirusi, siku kati ya mbili na kumi hupita paka akionekana mzima.

Kirusi huyu hutafuta seli zinazogawanyika upesi. Hawezi kuzaliana penginepo. Na katika mwili wa paka mchanga seli zinazogawanyika upesi ziko sehemu tatu hasa: kwenye ukuta wa utumbo, kwenye uboho ndani ya mifupa, na kwenye tezi za kinga. Utumbo unavuliwa utando wake, ndiyo maana ya kuhara na kutapika. Uboho unaacha kutengeneza chembe nyeupe za damu. Paka mwenye afya ana chembe nyeupe elfu kadhaa, mpaka zaidi ya elfu 15, katika kila mikrolita ya damu. Kwa mgonjwa zinaweza kuanguka chini ya 2,000, na pengine zikakaribia kuisha kabisa. Hapo bakteria wa kawaida wa tumboni, ambao siku zote wanaishi humo bila madhara, wanapenya ule utumbo uliochubuka na kuingia kwenye damu, na hakuna askari wa kuwazuia. Paka hafi kwa kirusi peke yake. Hufa kwa kukauka maji, kwa bakteria na kwa baridi ya mwili wake mwenyewe.

Ukimpata paka mjamzito, kirusi huingia kwa watoto tumboni na kuharibu sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshika mizani ya mwili. Watoto hao, wakizaliwa hai, hutembea wakiyumba maisha yao yote. Wengi wetu tumewaona paka wa namna hiyo mitaani tukadhani wamepigwa. Wakipewa mahali salama huishi vizuri tu, wakila na kucheza kwa namna yao.

Dawa ya kumuua kirusi ndani ya mwili wa paka haipo. Kinachofanyika ni kumsaidia mgonjwa aishi mpaka uboho wake uamke: maji ya dripu, antibiotiki dhidi ya wale bakteria, dawa ya kuzuia kutapika, joto. Vikipatikana mapema, paka wengi huokoka. Bila matibabu, watoto wa paka karibu wote hufa. Hauambukizi binadamu, na hili nalisema wazi kwa kuwa nimeona wazazi wakimng'oa mtoto mikononi mwa paka anayekufa kwa hofu ya bure. Mbwa ni habari nyingine. Mwaka 1978 ugonjwa mpya wa parvo ya mbwa ulizuka na katika muda mfupi ukaenea duniani, na wanasayansi walipouchunguza waliona kwamba kirusi wake ni ndugu wa karibu sana wa kirusi wa paka aliyebadilika kidogo. Baadhi ya aina zake za baadaye zimejifunza tena kuwashika paka.

Tulimzika Chausiku nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, shimo refu, amefungwa kwenye kipande cha kanga. Watu wawili watatu walishangaa. Kwetu paka akifa huchukuliwa kwa mkia au kwa mfuko wa rambo akatupwa jalalani au mtoni, na anayeshika koleo kumchimbia huonekana ana mzaha. Mimi nasema azikwe, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni afya: mzoga uliotupwa ni kirusi kilichotupwa, na paka wengine watapita hapo. Ya pili ni kwamba mtoto anatazama. Binti yetu alimlea kiumbe huyo kwa mikono yake, akamwona akiumwa, akamwona akiondoka. Tungemtupa jalalani mbele ya macho yake, tungekuwa tumemfundisha kwamba kinachopendwa kikifa hugeuka takataka.

Wala si jambo geni kwa wanadamu. Mwaka 2004 wanaakiolojia walitangaza kaburi walilolifukua kisiwani Cyprus, katika kijiji cha wakulima wa kale kiitwacho Shillourokambos. Alizikwa mtu humo, na sentimita 40 kutoka kwake alizikwa paka kwenye shimo lake, mwili ukiwa kamili, umelazwa kuelekea upande ule ule aliolazwa mtu. Kaburi hilo lina miaka kama 9,500. Paka alikuwa na umri wa miezi kama minane. Na hapa Afrika, Herodotus wa Ugiriki aliandika karne ya tano kabla ya Kristo kwamba huko Misri, nyumba ikifiwa na paka, wote waliomo hunyoa nyusi. Kwenye madrasa za pwani na za hapa Songea, watoto hufundishwa hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa. Huruma kwa paka haikuletwa na televisheni.

Hata hivyo anayeomboleza paka Ruhuwiko huomboleza peke yake. Akifa ng'ombe, watu huja kumpa mwenye ng'ombe pole, kwa sababu hasara inahesabika kwa shilingi. Akifa mtu, maturubai hufungwa, wali hupikwa, kazi husimama. Akifa paka, mtu anapika chai na kwenda kazini. Mwaka 1989 Kenneth Doka wa Marekani alikusanya kitabu kizima kuhusu huzuni ya namna hii, huzuni ambayo jamii haijampa mtu ruhusa ya kuwa nayo, na hoja yake ni kwamba kukosa ruhusa hakuipunguzi, ila huifanya ikae zaidi. Naamini hivyo. Binti yetu aliacha kula vizuri kwa muda. Shuleni alipoulizwa kwa nini amelia alisema anaumwa tumbo, maana alijua wenzake wangecheka. Kilichomsaidia ni bibi yake, mama yangu, aliyefika kutoka Peramiho kwa shughuli zake, akasikia habari, akamwita. Hakumwambia utapata mwingine. Alimwambia, "Pole, mjukuu wangu. Niambie alikuwaje." Mtoto akasimulia habari za bombani na habari za ndege uwanjani, na bibi akasikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza habari za msiba wowote.

Basi ukisikia jirani amefiwa na paka, mpe pole. Haikugharimu kitu.

Nikiwaza vifo vya namna hii huwa nawakumbuka simba wa Serengeti. Mwaka 1994 simba walianza kuyumba, kutetemeka na kufa, na kabla wimbi halijapita walikuwa wamekufa kama theluthi moja ya simba wote wa Serengeti, yaani kama 1,000. Kirusi alikuwa ni wa homa ya mbwa, jamii tofauti na yule wa Chausiku, na chanzo kilihusishwa na mbwa wasiochanjwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi. Madaktari wa wanyama na watafiti walishuka Serengeti, sampuli zikapelekwa maabara, matokeo yakachapishwa mwaka 1996, na kampeni za kuwachanja mbwa wa vijijini zikafuata. Yote hayo yalistahili kufanyika. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba nchi yetu inajua vizuri kabisa kinachotakiwa kufanyika virusi vinapoingia kwa jamii ya paka: kutambua, kuandika, kuchanja. Paka wadogo wanaokufa Ruhuwiko, Msamala au Mjimwema hawaandikwi na mtu yeyote, na kisichoandikwa hakiagiziwi chanjo.

Kuna ugonjwa mwingine unaopenda kuchukua paka wachanga, nao nitaupitia kwa ufupi kwa kuwa habari zake zimebadilika na ni habari njema. Ni ule uvimbe wa utando wa tumbo unaosababishwa na virusi vya korona vya paka, unaojulikana kwa kifupi FIP. Tumbo hujaa maji, paka hukonda, homa haishuki. Ulielezwa kitabibu mara ya kwanza mwaka 1963 na Jean Holzworth wa Boston, na kwa zaidi ya miaka 50 ulikuwa hukumu ya kifo. Kisha Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walijaribu dawa iitwayo GS-441524, ndugu wa ile remdesivir iliyotumiwa kwa wagonjwa wa UVIKO-19, na mwaka 2019 wakachapisha kwamba paka wengi waliotibiwa walipona. Mwaka 2023 ugonjwa huo ulipowapiga paka wa Cyprus, serikali ya huko iliruhusu vidonge vya UVIKO vilivyokuwa vimebaki maghalani vipewe paka. Dawa hizo ni ghali na si za kuzikuta kwenye duka la dawa za mifugo la kawaida. Lakini ugonjwa uliokuwa hauna tiba sasa unayo, na huko ni mbali kutoka mahali tulipokuwa.

Panlukopenia haihitaji ugunduzi mpya wala dawa ya bei hiyo. Chanjo yake ipo kwa miongo mingi, nayo ni miongoni mwa chanjo zinazofanya kazi vizuri kuliko zote katika tiba ya wanyama. Kwa kawaida huja pamoja na kinga ya magonjwa mawili ya mafua ya paka kwenye sindano moja. Huanza paka akiwa na wiki sita hadi nane, ikarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka apite wiki 16, kisha akachanjwa tena baada ya mwaka mmoja, baadaye kila baada ya miaka mitatu. Kurudia si ujanja wa kumaliza fedha za mwenye paka. Mtoto wa paka hupata kinga kwenye maziwa ya kwanza ya mama yake, na kinga hiyo, wakati bado iko mwilini, huizuia chanjo isishike. Huisha lini, haijulikani kwa kumtazama: kwa mwingine ni wiki ya sita, kwa mwingine ya kumi na mbili au zaidi. Sindano moja ya mapema inaweza kupotea bure. Zile za kufuatia ndizo zinazokamata wakati ule mlango unapofunguka.

Na wengi hapa huchanganya chanjo hii na ya kichaa cha mbwa. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba, paka nao hupelekwa wakachanjwa, na ni vizuri sana, maana kichaa kinaua watu. Lakini sindano ile haina lolote la kufanya na panlukopenia. Mtu anaweza kurudi na kadi mkononi, moyo umetulia, na paka wake asiwe na kinga yoyote dhidi ya kirusi kilichomuua Chausiku.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba elimu yenyewe tunayo uani. Kuku wa Ruhuwiko wanachanjwa mdondo. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, inavumilia joto kuliko zile za zamani, na akina mama wa mtaani wanajua kuidondosha kwenye jicho la kuku tone moja kila miezi mitatu bila kusimamiwa na mtu. Tulikubali kwamba ugonjwa unaoangusha banda zima kwa usiku mmoja hauzuiwi kwa mwarobaini wala kwa kumlaumu jirani. Paka yuko uani mle mle, analinda mahindi wanayokula kuku hao hao, na hatujamfikisha hapo. Chanjo ya paka inataka ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8 njia nzima mpaka inapochomwa, na duka halitaagiza dozi moja kwa ajili ya nyumba moja. Likipelekewa majina ya nyumba kumi za mtaa mmoja, mazungumzo yanakuwa mengine. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amkinge na maradhi na mateso, na paka hakutolewa kwenye sheria hiyo.

Kwa nyumba iliyokwisha kufiwa, kuna la kufanya kabla ya kuleta paka mwingine. Choma au fukia matandiko na vyombo vya udongo alivyotumia. Sakafu ya saruji, mabeseni na kuta za chini, osha kwanza kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, kwa kuwa jiki ikikuta uchafu hupoteza nguvu. Kisha mwagia jiki iliyochanganywa na maji, uiache imelowa dakika kumi. Maelekezo ya kimataifa ni sehemu moja ya jiki kwa sehemu 32 za maji, lakini hayo ni kwa jiki ya nguvu ya asilimia 5 hadi 6. Chupa nyingi za madukani kwetu ni dhaifu kuliko hiyo, hivyo soma maandishi ya chupa, na kama ni asilimia 3 na nusu tumia sehemu moja kwa 20. Sakafu ya udongo haisafishiki kwa njia hiyo. Kwenye nyumba ya namna hiyo, au yenye ua wa mchanga, subiri mwaka upite, ama uchukue paka mkubwa aliyekwisha kuchanjwa. Usilete mtoto wa paka asiyechanjwa ili kumtuliza mtoto wako anayelia. Utampa msiba wa pili.

Paka mzima anayeugua ghafla, usingoje kesho. Mtenge na paka wengine, mpe joto, usimlazimishe chakula kinywani wakati anatapika, na mtafute bwana mifugo siku hiyo hiyo, kwa kuwa kila saa anayokauka maji inampunguzia nafasi. Na kama kuna mtoto wa paka nyumbani mwako aliyefikisha wiki nane, mpigie simu bwana mifugo wa kata yako wiki hii, mwulize chanjo ya panlukopenia kwa jina lake, na umpelekee majina ya majirani wenye paka ili aagize ya wote pamoja.